Kabichi Kumi Zilizovaa Mavin

Ilianza siku ya Jumanne, saa tisa na dakika kumi alasiri, wiki mbili baada ya matokeo ya kidato cha nne kutoka. Saa naijua kwa sababu mimi huandika kila kitu ambacho sikuweza kusema, na siku hiyo sikuweza kusema chochote. Senge Rael, dada yake baba, alikuja kwetu Section 58, mtaa wa Nakuru, akanikuta nimejifungia chumbani kwa sababu sebuleni kulikuwa na wageni. Akaniambia nitoke nimfuate kibandani kwake. Nikatokea mlango wa nyuma. Kufikia jioni nilikuwa mfumaji wa mavin, zile kofia za sufu za kuvuta mpaka masikioni. Sasa ni Agosti, wiki ijayo naenda chuo, na kwa hivyo nimestaafu.

Msicheke. Najua nina miaka kumi na minane. Lakini mtu akiacha kazi na kuna wengine wanaingia mahali pake, huyo amestaafu, hata kama meno yote bado yako. Mgongo pia unaniuma nikiinama, kwa hivyo dalili ninazo. Nyinyi mnaokuja kukaa kwenye meza yangu, Senge atawafundisha mikono. Mimi nawaandikia yale mengine, yale ambayo yeye huyasema mara moja tu, tena akiwa anaongea na mteja, halafu anashangaa kwamba hukusikia.

La kwanza ni hili. Kama unaogopa watu kama mimi, ufumaji ni kazi nzuri. Unaweza kuangalia chini siku nzima na watu wakadhani unahesabu. Mtu akikusalimia, unainua kidole kimoja hivi, kama mtu aliye katikati ya hesabu kubwa, na yeye anakuheshimu anangoja. Mara nyingine anachoka anaenda. Nimetumia kidole hicho kwa wateja, kwa pasta, na mara moja kwa baba yangu mzazi.

Sindano. Zile za mviringo za kununua, zenye waya katikati, leo ukizipata kwa duka kesho hazipo. Kwa Senge tunatumia spoku, zile nyaya ngumu za gurudumu. Za baiskeli ni nyembamba sana, labda ukifuma soksi ya mtoto mchanga. Chukua za pikipiki. Unaenda kwa fundi wa boda boda unamwomba zile alizotoa kwa magurudumu yaliyogongwa, unachagua zilizonyooka. Mimi siku ya kwanza nilisimama kando ya fundi mpaka akamaliza pikipiki mbili. Akainua kichwa akaniuliza, "Siz, kuna mtu unangoja?" Nikasema ndiyo. Nikarudi kwa Senge bila spoku, nikamwambia fundi hakuwako. Senge akachungulia, akamwona fundi pale ng'ambo ya barabara akinipungia mkono.

Ukishazipata, unazikata urefu wa shubiri moja na kidogo, unasugua ncha kwa simiti mpaka zisidunge kidole wala zisinase uzi, halafu unazipaka nta ya mshumaa. Unahitaji tano. Nne zinabeba mavin na ya tano ndiyo inafanya kazi, kama familia nyingine ninazozijua.

Uzi tunautoa kwa sweta za mitumba. Hapa usikubali kuharakishwa na muuzaji. Geuza sweta ndani nje, uangalie mshono wa ubavuni. Kama kitambaa kilikatwa kwa makasi ndipo kikashonwa na mashine, irudishe, hata kama rangi yake imekuita jina. Ukifumua hiyo utapata vipande vifupi kama tambi za supu. Unataka sweta iliyofumwa kila upande peke yake, ile ambayo ukipata mwanzo wa uzi unavuta tu, mikono inaisha, kifua kinaisha, unabaki na mpira wa uzi na kola. Halafu jaribu na kiberiti. Uzi wa kondoo ukichomwa hunuka nywele zilizoungua, na majivu yake husagika. Ule wa kiwandani huyeyuka ukawa kidonge kigumu. Senge anataka wa kondoo pekee kwa mavin, kwa sababu unashika joto hata ukilowa. Ila mteja lazima aambiwe asiufue kwa maji moto. Jirani yetu mmoja alichemsha ya mume wake pamoja na nepi. Ilirudi kibandani ikiwa saizi ya chungwa, nene kama blanketi, na mume hakuja mwenyewe, alituma mtu.

Sasa, rangi mbili. Watu huona mavin yenye milima na almasi kuzunguka kichwa wanadhani ni uchawi. Kila mstari una rangi mbili tu. Unafuma vitanzi viwili vya maruni, vitatu vyeupe, unaendelea kuzunguka, na ule uzi ambao si zamu yake unapita nyuma ukingoja. Mmoja uupitishe juu siku zote na mwingine chini siku zote, usiwabadilishie njia, la sivyo watakufungia ndoa hapo nyuma na utatumia asubuhi nzima kuwaachanisha. Ukiona uzi unapita nyuma ya vitanzi zaidi ya vitano, unaunasa kidogo katikati, maana mwenye kuvaa akiingiza kidole hapo ataning'inia.

Kosa langu lilikuwa kuvuta. Niliuvuta ule uzi wa nyuma kila nilipobadilisha rangi, kwa sababu nilitaka ulale kabisa, usionekane. Senge alisema hiyo ndiyo shida yangu hata kwa mambo mengine. Mavin yangu ya kwanza ilikuwa nzuri kwa macho, almasi zote sawa, lakini ilikuwa haivutiki. Ilikataa kichwa changu. Ilikataa sufuria tunayotumia kupimia kofia za watoto. Senge akaijaribu kwa vitu vyote vilivyokuwa kibandani, na ikaingia kwa thamosi. Mpaka leo iko hapo, na chai inakaa moto hadi jioni. Dawa yake ni rahisi: kabla ya kubadilisha rangi, tandaza vitanzi ulivyokwisha kufuma kwa sindano ya kulia, uvipe nafasi, ndipo uzi wa nyuma upite. Ulale kama mtu aliyeshiba.

Na mkianza mviringo hakikisheni vitanzi vyote vinaangalia chini kabla ya kuunganisha. Nilifuma nusu siku mara moja, nikagundua kitu changu kimejipinda kama mshipi ulioingizwa vibaya kwa suruali. Hakina dawa hicho. Unafumua, unajifanya ulikuwa unafanya majaribio.

Sasa niwaambie kuhusu meza.

Kwa Senge hupewi meza kwa sababu wewe ni mtoto wa kaka yake. Unaketi kwa kiti, unafuma anachokupa, na meza unapewa siku utakapoleta oda moja kwa mdomo wako mwenyewe: wewe umeongea na mteja, wewe umempima, wewe umekubaliana naye. Mimi mpaka Aprili nilikuwa nimefuma mavin za kutosha kijiji, na sikuwa nimeongea na mteja hata mmoja. Senge alikuwa anaongea, mimi nainua kidole. Nyumbani nako kulikuwa na mpango mwingine. Baba mdogo ana duka la chakula cha kuku mjini na alikuwa anatafuta mtu wa kusimama kaunta. Mama aliona hiyo itaniponya aibu. Kaunta, wenzangu. Kutoka asubuhi hadi jioni, watu wakikuuliza tofauti ya chakula cha kuku wa mayai na cha wa nyama, na wakikuangalia usoni ukijibu. Senge alimwambia Mama anisubiri kidogo. Kuna oda moja kubwa inakuja, akasema. Chebet, yaani mimi, ataifuma, ataipeleka mwenyewe, na ikirudishwa, basi, mchukueni kwa kuku.

Oda yenyewe ilikuwa ya timu ya netiboli ya shule moja ya wasichana huko juu Olenguruone. Mwalimu wao wa michezo, Madam Chelagat, anamjua Senge kutoka kanisani. Likizo ya Aprili alikuwa amewaleta wasichana wake Nakuru kufanya mazoezi, akawapitisha kibandani wakapimwe. Muhula wa pili ndio wa netiboli na ndio wa baridi, na mwalimu mkuu alikuwa amekubali wavae mavin wakisafiri kwa mechi, mradi ziwe za rangi ya shule, maruni na nyeupe. Senge akaongea. Mimi nikapita nyuma ya wasichana na kipande cha uzi, nikizungushia kichwa kimoja baada ya kingine, napiga fundo, naenda kwa kinachofuata. Vichwa kumi. Sikumwangalia mtu usoni. Nilifurahia sana kazi hiyo, kwa sababu visogo havisalimii.

Mavin hizo nilizifuma vizuri kuliko kitu chochote nilichowahi kufanya. Milima miwili kuzunguka, na juu nyota inayojifunga yenyewe vitanzi vikipungua. Nyuzi za nyuma zimelala, zimeshiba. Senge alizigeuza ndani nje moja moja, na kwa Senge kukosa la kusema ndiyo sifa.

Shule zilifunguliwa Mei. Ijumaa moja nikapewa mfuko na nauli, nikaambiwa mechi ni Jumamosi asubuhi, timu inaondoka na basi la shule mapema, kwa hivyo nifike leo, nilale kwa Madam Chelagat, nirudi kesho. Niliuliza kama Senge haji. Akainua kidole kimoja.

Olenguruone mwezi wa Mei ukungu unakaa chini mpaka saa sita, na ukitoka Nakuru na sweta moja unajuta kuanzia stendi. Nilifika saa ya michezo. Madam Chelagat akawaita wasichana wake wapange mstari mbele ya bwalo. Wakaja wakikimbia, wakasimama.

Walikuwa wamenyolewa. Wote. Vichwa kumi vinang'aa kama mayai kwa trei.

Nyinyi mmeshaelewa, sivyo? Aprili ilikuwa likizo. Nani hukaa likizo bila kusuka? Niliwapima wakiwa wametoka salon, mmoja ana rasta nene za kufungwa juu, mwingine ana matuta, mwingine ameongezea nywele za watu watatu. Nilipima nywele. Na mimi mwenyewe nimenyolewa miaka minne, kila siku ya kufungua shule, kinyozi wa mwisho kabla ya geti. Hakuna mtu Nakuru nzima aliyepaswa kujua jambo hilo kuliko mimi.

Kapteni, msichana mrefu anayeitwa Mercy, alivaa yake kwanza. Ikashuka ikapita nyusi, ikapita macho, ikasimama kwa pua. Hakuitoa. Alinyoosha mikono mbele akaanza kutembea polepole, akipapasa hewa, mpaka akamshika Madam Chelagat bega akamwuliza, kwa sauti ya bibi kizee, kama hii ndiyo njia ya kwenda uwanjani. Wengine wakavaa zao. Mstari mzima wa vipofu, wanagongana, wanaombana msamaha. Ningekuwa si mimi niliyezifuma, ningecheka mpaka nikae chini.

Mercy akaifunua upande mmoja akaniangalia kwa jicho moja. "Sasa Chebet, hii ni mavin ama ni ndoo?"

Nikainua kidole. Sikuwa na kitu cha kuhesabu, na wote waliona.

Madam Chelagat hakukasirika, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Akanieleza kwa upole kwamba hawezi kuwapandisha wasichana basi wakiwa hivyo, itabidi nirudi nazo, wataongea na Senge. Akampigia simu, akanipa. Nilimweleza Senge kwa sentensi mbili. Nikasikia akicheka mbali na simu, halafu akarudi. Nikamwomba aongee na Madam, aombe wiki moja tuzifumue. Akasema, "Mimi niko Section 58. Wewe ndiye uko na vichwa. Ongea na wenye vichwa." Akakata.

Niliangalia mfuko. Akilini nilimwona baba mdogo, na magunia, na watu wenye kuku. Halafu, sijui kwa nini, nikamkumbuka yule jirani aliyechemsha mavin ya mume wake na nepi.

Nilienda kwa Mercy. Nilimwambia, sauti yangu ikitoka kama ya mtu aliye ndani ya tangi, "Nipe nusu saa. Nikiiharibu, nitakufumia nyingine." Akasema sawa. Ilikuwa hivyo tu. Miaka yote nilidhani watu wakijibiwa huuma.

Mpishi wa shule, Mzee Langat, alikuwa anachemsha maji ya ugali kwa sufuria ambayo mtu mzima angeweza kuoga ndani. Alinipa ndoo moja na kipande cha sabuni ya mche, akanitazama kama mtu anayetazama ng'ombe akipanda ngazi. Njia ni hii, mkihitaji, na Mungu awaepushe: maji moto ambayo mkono unavumilia kwa shida, sabuni, unasugua katikati ya viganja ukizunguka, usivute. Halafu unatumbukiza ghafla kwa maji baridi. Ya Olenguruone yanatoka tangini yakiwa karibu kuwa mawe. Uzi wa kondoo unashtuka, unajikunyata. Unapima. Unarudia. Simama kabla haijafika saizi ya kichwa, ukiacha upana wa kidole kimoja, kwa sababu itaendelea kujikunyata ikikauka. Ya kwanza nilisugua kwa woga ikapita kiasi, na badala ya Mercy ikamfaa yule mdogo wao kabisa, ambaye aliikumbatia akasema hairudishi. Kwa ya pili nilikuwa nimeelewa.

Lakini mavin iliyolowa lazima ikaukie juu ya kitu cha umbo la kichwa, la sivyo inakauka kama chapati. Nyumbani tunatumia sufuria. Hapo jikoni sufuria zote zilikuwa za kupikia shule nzima. Nikaangalia huku na huku, na nyuma ya Mzee Langat, stoo ikiwa wazi, nikaona kabichi. Kabichi za Olenguruone, ngumu, za mviringo, zimepangwa mpaka darini.

Mzee Langat akasema hizo ni za kesho mchana. Nikamwambia nitazirudisha. Akafikiria sana, akasema, "Zirudi kumi, na zisiwe na manyoya."

Basi nikawaita wasichana stoo, nikawapima upya, safari hii vichwa vyenyewe, na kila mmoja akapewa kutafuta kabichi ya saizi yake. Siwezi kuwaeleza kelele iliyokuwa hapo. Waligombania kabichi. Waliambiana nani anafanana na ipi. Mercy ana kichwa kikubwa, na walipompata mwenzake wa kabichi, wawili wakambeba wakimwita Madam Kapteni, wakampigia saluti. Na niwaambie siri ya kazi ambayo hata Senge hakuwa nayo: kabichi ni bora kuliko sufuria. Ikiwa kubwa, unatoa jani moja unapima tena. Sufuria haitoi jani.

Maruni ilitoa rangi kidogo kwa maji moto, na nyeupe ikawa ya waridi kama ndani ya pera. Wasichana wakasema afadhali hivyo, ile nyeupe ilikuwa ya hospitali. Tukazipanga juu ya benchi kando ya jiko la kuni, kabichi kumi zimevaa mavin, zinaangalia mlango. Mzee Langat aliniambia baadaye kwamba alipokuwa anafunga jikoni alizitakia usiku mwema bila kukusudia.

Kesho yake asubuhi niliingia jikoni kabla ya kengele. Nilizitoa moja moja. Zilikuwa nene, laini, na zimebaki na unyevu kidogo tu kwenye pindo. Ya Mercy ilikaa juu ya nyusi na kufunika masikio, akatikisa kichwa kwa nguvu kama mbuzi na haikutoka. Alinigonga bega na kiwiko. Wakapanda basi, Madam Chelagat mbele, na dirishani nikaona milima yangu ikipita geti, mviringo baada ya mviringo.

Nikabaki nafuta kabichi manyoya. Nilikuwa kwa ya saba mwalimu mkuu akaingia. Sikuwa nimewahi kumwona, lakini nilimjua kwa jinsi Mzee Langat alivyotoka na mwiko wake bila kuambiwa. Alisema ameona vichwa vya timu pale getini. Alisema yeye ni wa Naivasha, ameletwa huku miaka mingi iliyopita, na bado kila asubuhi akisimama paredi masikio yanakuwa si yake. Anataka moja, maruni na nyeupe, kama zile. Akasimama wima mbele yangu, mikono nyuma, kama anayepigwa picha ya kitambulisho, akaniambia nipime.

Nilikuwa na uzi mkononi, na Senge wa kuniongelea oda hakuwapo. Nilizunguka nyuma yake, mahali panaponifaa. Nywele zake zilikuwa nyingi, nyeusi, zimelala vizuri sana, na alipogeuza shingo kuangalia nje, zenyewe zilichelewa kidogo kugeuka.

Ningeweza kupima juu yake tu, nipige fundo, nishukuru, nirudi Nakuru. Nilifikiria hivyo kwa muda mrefu kiasi kwamba aliniuliza kama ninahesabu.

Nikasema hapana. Nikaenda nikafunga mlango wa jikoni, nikarudi, safari hii mbele yake, nikamwangalia usoni. "Madam, naomba utoe wigi kwanza."

Akanitazama. Akatazama dirisha. Kisha akaitoa kwa mikono miwili, akaivisha kabichi iliyokuwa karibu naye, akaikung'uta ikae vizuri, na akainamisha kichwa nipime.